Kasoro ndogo ndogo za pikapu mpya: namna ya kuzitafuta, kuzirekebisha na kuzidai

Maswali ya wenye pikapu mpya ni yale yale. Mlango haufungi mpaka ubamizwe. Kuna kitu kinagonga nyuma ya dashibodi. Kapeti ya nyuma imelowa ilhali mvua yenyewe ilikuwa manyunyu tu. Upande mmoja wa boneti unapitisha kidole, upande wa pili haupitishi hata ukucha. Kwa kuwa gari ni jipya, wengine hunyamaza wakidhani ndivyo lilivyo, na wengine hununua silikoni siku hiyo hiyo na kuanza kupaka. Wote wawili hujuta baadaye.

Mwongozo huu unahusu kasoro za ufungaji: vitu vilivyokaa vibaya, vilivyolegea, vinavyovuja au vinavyolia. Haugusi injini wala gia. Utaratibu ni ule ule katika kila hatua: tafuta chanzo, kipime, kiandike, ndipo uguse. Ukiziba mahali kabla ya kujua maji yanaingilia wapi, umefuta ushahidi kwa mkono wako mwenyewe, na umempa muuzaji sababu ya kukukatalia.

Jambo moja la kujua mapema. Pikapu nyingi hujengwa kabini peke yake na bodi ya mizigo peke yake, kisha vyote viwili hufungwa juu ya chesisi. Kabini hukalia mipira, kwa hiyo kwenye barabara mbovu kabini na bodi havichezi pamoja. Nafasi pana kati yake imeachwa makusudi ili visigongane. Usiidai hiyo. Cha kuangalia ni kama nafasi hiyo inalingana kushoto na kulia.

Vitu vya kuandaa

- Tochi kali, taulo za karatasi, daftari na simu yenye kamera
- Selotepu ya karatasi, ile wanayotumia mafundi rangi
- Rula ya chuma, na biti za drili za milimita 3, 4, 5 na 6 (utatumia mkia wake laini kama kipimo)
- Geji ya upepo wa tairi
- Spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), na soketi inayoingia kwenye nati za rimu zako
- Bisibisi za nyota ya ncha sita (Torx) T20, T30, T40, T45 na T50. Soketi za milimita 8, 10 na 13
- Vibandua vya plastiki vya kufungulia plastiki za ndani. Bisibisi bapa ya chuma iache, huacha alama isiyofutika
- Utepe wa kitambaa laini (feliti) na sponji nyembamba isiyonyonya maji, unene wa milimita 3 hadi 5
- Grisi ya silikoni
- Mita ya kupimia umeme
- Mpira wa kumwagilia maji
- Mtu wa pili. Kazi ya maji na kazi ya kelele hazifanyiki vizuri ukiwa peke yako

Usivyopaswa kugusa

Mikanda ya usalama, breki, usukani, mfumo wa mafuta, na chochote kinachohusu mifuko ya hewa. Mifuko ya pembeni hufichwa ndani ya nguzo za kabini na kwenye kingo za dari, na nyaya zake mara nyingi huwa na viunganishi vya rangi ya njano. Usisokomeze sponji nyuma ya plastiki za nguzo hizo hata kama kelele inatokea hapo hapo: mfuko ukifunguka, unahitaji njia yake iwe wazi. Kamera iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele na vihisi vilivyo nyuma ya bampa navyo viache. Ukivisogeza kidogo tu, vinahitaji kupimwa upya kwa mashine.

Hatua ya 1: Soma kitabu cha dhamana kabla ya kushika spana

Tafuta kipengele kinachozungumzia marekebisho. Watengenezaji wengi hutenganisha kifaa kibovu na kazi ya kupanga au kukaza tu, kama vile kusogeza mlango, alaimenti (kunyoosha mwelekeo wa magurudumu) na balansi (kusawazisha uzito wake). Hii ya pili mara nyingi hufanywa bure kwa muda mfupi kuliko dhamana yenyewe. Kwa hiyo mlango uliokaa upande usiuwekee kiporo mpaka huduma ya kwanza.

Kisha chukua namba ya chesisi. Ni herufi na tarakimu 17, na huonekana chini ya kioo cha mbele au kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango. Iangalie kwenye tovuti ya mtengenezaji kama gari limo kwenye wito wa marekebisho ya usalama. Halafu muulize muuzaji kama kuna taarifa ya kiufundi ya kiwandani inayohusu tatizo lako. Taarifa hiyo si wito wa usalama. Ni maelekezo ambayo kiwanda huwapa mafundi wake pale tatizo moja linapojirudia kwenye magari mengi. Kama sauti unayoisikia imeelezwa humo, hakuna tena wa kukuambia kwamba gari lako halina kitu.

Hatua ya 2: Osha, kausha, kagua mchana

Kagua kivulini wakati wa mchana, gari likiwa limesimama pahali tambarare. Mng'ao wa jua kali unaweza kuficha baadhi ya kasoro, na taa za ndani ya ukumbi wa mauzo pia. Zunguka gari mara mbili. Mara ya kwanza angalia nafasi kati ya vyuma, mara ya pili angalia rangi. Kila unachokiona kiwekee kipande cha selotepu ya karatasi chenye namba, kisha piga picha mbili: moja ya mbali inayoonyesha mahali, moja ya karibu yenye rula ndani yake. Picha isiyo na rula haithibitishi ukubwa wa kitu chochote.

Andika tarehe na kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi.

Hatua ya 3: Upepo na nati za magurudumu

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayomaliza malalamiko mengi ya "gari linaruka sana" na "kila kitu kinagonga". Magari mapya husafirishwa tairi zikiwa zimejazwa upepo kupita kiasi ili zisiharibike umbo melini na kwenye maegesho. Upepo huo ulipaswa kupunguzwa kabla ya kukabidhiwa gari, lakini kuna wakati husahaulika. Pima tairi zikiwa baridi, yaani gari limesimama saa 3 au zaidi. Fuata kipimo cha kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi lenyewe, si kipimo cha gari lako. Kibandiko kikitaja upepo wa gari tupu na wa gari lenye mzigo, weka unaolingana na matumizi yako ya siku hiyo.

Chungulia pia kwenye springi za mbele na nyuma kama kuna vipande vya plastiki au mpira vilivyowekwa kwa ajili ya safari. Vikisahaulika, gari huwa gumu kama mkokoteni.

Halafu nati. Kaza kwa spana ya toki kwa kipimo kilichomo kwenye kitabu cha gari, kwa mpangilio wa nyota: ukikaza moja, inayofuata ni ya upande wa pili, si ya jirani yake. Rudia baada ya kilomita kama 100. Nati ziwe kavu. Ukizipaka mafuta au grisi, spana itasoma kipimo sahihi ilhali nati imekazwa kupita kiasi.

Hatua ya 4: Milango, boneti na mlango wa bodi

Pima nafasi kwa mikia ya biti. Kila mwanya upime juu, katikati na chini, kushoto na kulia, na uandike biti kubwa inayopita bila kulazimishwa. Tofauti ya milimita 1 kati ya pande mbili usiipotezee muda. Ikifika 2, au nafasi ikipanuka kama kabari toka chini kwenda juu, hiyo iingize kwenye orodha ya muuzaji.

Kwa mlango mgumu kufunga, anza na jaribio hili: shusha kioo cha dirisha lolote, kisha funga. Ukifunga kirahisi, mlango hauna kosa. Mipira ya mlango ni mipya na kabini imebana hewa, nayo haina pa kutokea. Mipira ikizoea, ugumu utapungua wenyewe. Ipake grisi ya silikoni kiasi cha kung'aa tu na usubiri wiki chache.

Ukiwa bado mgumu, funga polepole huku ukitazama ukingo wa mlango. Mlango ukinyanyuka au ukishuka pale kitasa kinapodaka, chuma cha umbo la U kilichofungwa kwenye nguzo hakiko usawa na kitasa. Kirekebishe hivi:

1. Zungushia chuma hicho selotepu, kisha chora mstari kwa kalamu kando kando yake. Huo ndio mwanzo wako. Ukipotea unarudi hapo.
2. Legeza skrubu zake nusu mzunguko tu. Mara nyingi ni za nyota, T40 hadi T50. Ukizitoa kabisa, kibati cha nyuma kinaweza kudondoka ndani ya nguzo.
3. Sogeza milimita 1 kuelekea mlango unakotaka: chini kama ulinyanyuka, juu kama ulishuka. Gonga taratibu kwa mpini wa bisibisi.
4. Kaza, funga, tazama tena. Usisogeze juu na ndani kwa wakati mmoja; hutajua kipi kilichosaidia.
5. Mwisho kaza kwa kipimo cha kitabu cha gari, na hakikisha mlango unafunga kwenye daraja zote mbili za kitasa.

Bawaba ziache. Fungua mlango nusu, shika mwisho wake, unyanyue: ukicheza, bawaba ina kasoro na hiyo ni kazi ya muuzaji. Ukilegeza bolti za bawaba, rangi iliyozifunika hupasuka, na fundi wa kwanza atakayeona mpasuko huo atajua gari limefunguliwa.

Boneti ina vizibo vya mpira pembeni vinavyozungushwa kwa mkono. Vikikaa chini mno boneti hutetemeka ukienda kasi. Zungusha robo mzunguko kwa wakati mmoja mpaka boneti ikilala iguse vizibo bila kusukumwa juu. Kitasa cha boneti usikisogeze. Kikikosea, boneti inaweza kufunguka njiani.

Mlango wa bodi una vizibo kama hivyo, na una vyuma vya kudakia pande zote mbili ambavyo husogezwa kwa njia ile ile ya selotepu na kalamu. Ukigongagonga barabarani, anza na vizibo. Ukitaka kuutoa wote, jua kwamba kwenye pikapu nyingi huchomoka ukiinuliwa kwenye pembe ya karibu digrii 45. Uchomoe kwanza waya wa kamera, na uwe na mtu upande wa pili. Mlango huo ni mzito, na waya wa kamera hukatika kwa kuvutwa mara moja tu.

Hatua ya 5: Maji ndani ya kabini

Hapa ndipo silikoni hupotea bure. Maji huingilia sehemu moja na kutokea nyingine. Kapeti ikilowa chini ya siti ya nyuma, chanzo kinaweza kuwa juu ya kioo cha nyuma.

Kwanza jua ni maji ya aina gani. Kama ni upande wa abiria wa mbele peke yake na hutokea kiyoyozi kikiwashwa, huo si uvujaji wa mvua: ni mpira wa kutolea maji ya kiyoyozi uliochomoka au kuziba. Kama ni ya kunata na yana harufu tamu, ni maji ya rejeta kutoka kwenye hita. Mpelekee muuzaji leo hii. Maji masafi baada ya mvua au kuosha ndiyo tunayoyatafuta.

Kwenye pikapu, mshukiwa wa kwanza ni taa ya breki ya juu, ile iliyo nyuma ya kabini juu ya kioo. Imefungwa kwa skrubu, mara nyingi 2, juu ya gasketi ya sponji, na maji yanayotiririka kutoka kwenye paa hupita juu yake. Dalili yake ni doa la rangi ya chai kwenye kitambaa cha dari, pembeni tu mwa taa. Wa pili ni fremu ya kioo cha nyuma kinachoteleza, kama gari linacho. Wa tatu ni vitundu vya kutolea maji: chini ya milango, chini ya kioo cha mbele kwenye plastiki ya waipa, na kwenye pembe za dirisha la paa. Kiwandani nta ya kuzuia kutu hupulizwa ndani ya milango, na wakati mwingine hugandia kwenye vitundu hivyo. Ukitikisa mlango ukasikia maji yanacheza ndani, vimeziba. Vizibue kwa kipande cha zipu tai (utepe wa plastiki wa kufungia nyaya). Mirija ya dirisha la paa usiipulize kwa kompresa. Hewa ya nguvu huichomoa ndani ya nguzo na kuleta uvujaji mkubwa kuliko ule wa mwanzo.

Jaribio lenyewe:

1. Kausha kabini. Toa kapeti za juu, nyanyua kitako cha siti ya nyuma, na bandika taulo za karatasi chini ya kioo cha nyuma, kwenye pembe za sakafu na kando ya milango. Karatasi huonyesha tone moja ambalo kapeti italimeza.
2. Mtu mmoja akae ndani na tochi, milango yote ikiwa imefungwa.
3. Fungulia maji yatiririke kwa utaratibu, bila pua ya kupulizia. Mashine ya kuoshea magari usiitumie. Maji ya nguvu hupenya hata mpira mzima, na utapata jibu la uongo.
4. Anza chini, panda juu. Chini ya mlango dakika 5, kisha ubavu wa mlango, kisha ukingo wa paa, kisha kioo cha nyuma, na mwisho taa ya juu. Ukianzia juu, maji yataloanisha kila kitu na hutajua yameingilia wapi.
5. Aliye ndani akiona tone, zima maji na weka alama nje mahali ulipokuwa. Kausha na urudie hapo hapo mara moja zaidi ili uwe na uhakika.
6. Piga video ya tone likiingia. Video moja ya sekunde 20 ina nguvu kuliko barua ya kurasa mbili.

Kama ni taa ya juu na dhamana ingali hai, muuzaji abadilishe gasketi. Ukiamua kufanya mwenyewe, kaza skrubu kidogo kwa zamu, kushoto na kulia, mpaka sponji ibanwe sawasawa. Plastiki ya taa hupasuka kirahisi, na taa iliyopasuka huvuja zaidi ya ile iliyolegea.

Mpira wa mlango upime kwa karatasi: weka kipande cha karatasi kwenye mpira, funga mlango, vuta. Karatasi itoke kwa kukwama. Ikitoka kama haijashikwa, zungukia mlango mzima kila sentimita 10 uone sehemu hiyo inaanzia na kuishia wapi. Mara nyingi utakuta mpira haukusukumwa mpaka mwisho kwenye ukingo wa chuma. Ubamize kwa kiganja na upime tena.

Kapeti iliyolowa usiiache ikauke juu tu. Chini yake kuna sponji nene inayoshika maji kwa wiki nzima. Inyanyue, weka kitu chini yake, na uipepee.

Hatua ya 6: Kelele za kugonga na kulia

Toa kila kitu kisichofungwa: miwani, sarafu, chupa, vifaa vya chini ya siti, hata funguo nyingine kwenye mnyororo. Funga mikanda ya nyuma, kwa sababu kibati cha mkanda kinachogonga plastiki ya nguzo hudanganya hata mafundi. Hakikisha jeki imekazwa kwenye kishikizo chake na tairi la akiba halichezi chini ya bodi.

Sasa tofautisha. Kugonga ni vitu viwili vyenye nafasi kati yake. Kulia ni vitu viwili vilivyobanana na kusuguana. Cha kugonga hutibiwa kwa kukaza au kujaza nafasi. Cha kulia hutibiwa kwa kutenganisha au kulainisha. Ukikaza kinacholia, kinalia zaidi.

Mwenzako aendeshe polepole kwenye barabara mbovu, ile ile kila mara, kiyoyozi na redio vikiwa vimezimwa. Wewe bonyeza kwa kiganja: juu ya dashibodi, kasha la glavu, plastiki ya mlango, nguzo, fremu ya skrini. Kelele ikinyamaza chini ya kiganja chako, umefika. Ukiwa bado na shaka, chukua kipande cha mpira mwembamba wa maji chenye urefu wa mita 1, weka ncha moja sikioni na nyingine uitembeze karibu na plastiki. Andika pia hali ya joto. Plastiki inayolia asubuhi ya baridi hunyamaza mchana, na ukimpelekea fundi mchana atakuambia haoni kitu.

Kutibu: fungua kipande hicho kwa kibandua cha plastiki, ukianzia kwenye kona na ukivuta karibu na klipsi, si katikati. Angalia klipsi zote. Moja iliyobaki kwenye chuma badala ya plastiki inatosha kuleta kelele. Zilizovunjika badilisha, gundi si jibu. Pale plastiki inapogusa plastiki bandika feliti. Pale waya unapogonga, uvike sponji na uufunge kwa zipu tai, bila kuuvuta ukakaza. Rudisha kipande chenyewe bila kuongeza unene unaokizuia kukaa mahali pake.

Nje, jaribu kwa mkono: bampa, kibao cha namba, bomba la eksozi na ngao zake za joto, ngazi ya kukanyagia. Ngao ya joto iliyolegea hutoa sauti ya kopo injini ikinguruma gari limesimama. Usiiguse kabla eksozi haijapoa. Bolti za bodi ya mizigo zikague kwa macho na mkono tu. Zikiwa zimelegea, muuzaji azikaze kwa kipimo chake. Na springi za nyuma za mabamba yaliyopangwa zina mlio wao wa kawaida gari likiwa tupu. Usizimwagie mafuta, hukusanya vumbi na kuzidisha msuguano.

Hatua ya 7: Mluzi wa upepo

Funika kwa selotepu ya karatasi mwanya mmoja tu kwa wakati mmoja: ukingo wa kioo cha pembeni, ukingo wa kioo cha mbele, juu ya mlango. Endesha kwa mwendo ule ule kwenye barabara ile ile baada ya kila kipande. Mluzi ukikoma, kipande cha mwisho ndicho jibu. Toa selotepu kabla haijakaa juani, gundi yake isibaki kwenye rangi.

Hatua ya 8: Rangi

Vidoadoa vya rangi ya chungwa, hasa kwenye gari jeupe, mara nyingi ni chembe za chuma zilizotua wakati wa kusafirishwa. Hazitoki kwa sabuni. Tumia dawa ya kuondoa chuma kwenye rangi (hubadilika kuwa zambarau inapofanya kazi), isuuze kabla haijakauka, halafu pitisha udongo maalumu wa kusafishia rangi huku pameloweshwa vizuri. Udongo ukidondoka chini, utupe. Mchanga ulioshika utachora gari zima.

Vumbi lililonaswa ndani ya rangi, michirizi, au rangi yenye vishimo kama ganda la chungwa upande mmoja tu, usisugue kwa msasa. Rangi yote ya kiwandani kwa kawaida ni mikroni 100 hadi 150 (mikroni 1000 ni milimita 1), na ile ya juu inayong'aa ni sehemu ndogo tu ya hiyo. Ukiipunguza, jua litamalizia kazi. Hii ni ya muuzaji, tena mapema, kabla hajasema ni mawe ya barabarani.

Hatua ya 9: Umeme

Taa nyingi za tahadhari zikiwaka kwa pamoja kwenye gari jipya, pima betri kabla ya kuogopa. Gari likae saa kadhaa, kisha soma: volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.4 imeanza kushuka, chini ya 12.2 inahitaji chaji. Gari lililokaa miezi kwenye maegesho hufika na betri dhaifu, na kompyuta zake hulalamika ovyo. Angalia pia kama vichwa vya betri vimekazwa. Ukiweza kukizungusha kwa mkono, kimelegea.

Hatua ya 10: Mpelekee muuzaji orodha moja

Peleka kasoro zote mara moja, zikiwa zimepangwa kwa namba zile zile za picha. Eleza dalili na mazingira yake: "hugonga upande wa abiria mbele, kilomita 30 hadi 40 kwa saa, barabara mbovu, asubuhi". Usiandike tiba. Ukiandika "badilisheni klipsi", watabadilisha klipsi na kelele itabaki.

Omba fundi aendeshe pamoja nawe. Kabla ya kuondoka, hakikisha fomu ya kazi ina tarehe, kilomita na kila kipengele chako. Ukirudishiwa gari na maneno "tatizo halikuonekana", chukua nakala ya fomu hiyo pia. Inathibitisha kwamba uliripoti ndani ya muda.

Ikigoma

Mlango ulirekebishwa na sasa unapiga mluzi. Chuma cha U kimesogezwa nje mno. Kirudishe ndani milimita 1 na upime kwa karatasi.

Jaribio la maji halionyeshi kitu, lakini kapeti hulowa. Egesha gari kwa mwinuko, pua juu, kisha pua chini, na urudie. Maji yaliyotuama juu ya paa hubadili njia. Kama bado, fungua plastiki ya mlango: huenda karatasi ya kuzuia maji iliyo nyuma yake imebanduka, na maji yanayoteremka na kioo huingia ndani.

Gari huvuta upande mmoja. Jaribu barabara tambarare, kwenda na kurudi, kwa kuwa barabara nyingi zimeinama pembeni. Likiendelea kuvuta upande ule ule, badilishana tairi za mbele kushoto na kulia, isipokuwa zile zenye mshale wa mwelekeo. Mvuto ukihamia upande wa pili, kosa ni la tairi. Ukibaki pale pale, omba alaimenti pamoja na karatasi ya vipimo vya kabla na baada.

Usukani unatetemeka kilomita 90 hadi 110 kwa saa. Ni balansi ya magurudumu ya mbele. Ukihisi kwenye siti zaidi kuliko usukani, angalia ya nyuma. Mtetemo unaopungua baada ya kilomita 20 au 30 ni tairi zilizolala kwa kusimama muda mrefu, na kwa kawaida hutoweka zenyewe.

Kelele imehama baada ya kurekebishwa. Mara nyingi haijahama: iliyokuwa kubwa imenyamaza, na sasa unasikia ile ndogo iliyokuwa chini yake. Rudi kwenye kiganja na mpira wa sikioni, uianze kama kelele mpya.

Muuzaji anasema "zote ziko hivyo". Omba akuonyeshe gari jingine la aina hiyo hiyo lililopo hapo, na upime nafasi ile ile kwa biti zile zile, mbele yake. Zikilingana, amesema kweli. Zisipolingana, andika namba zote mbili kwenye fomu ya kazi na umwombe atie sahihi.